Jiwe la Mizani

Mizani ilitangulia ndege.
Ile ya chama cha msingi, ya chuma, yenye jiwe la kuteleza,
iliyowapunja baba zetu nusu kilo kila gunia la korosho.
Bi Asumini Hokororo aliinunua mnadani,
akaitia jiwe jipya, akaniambia:
"Chande, wewe utapima watu.
Na hapa nusu kilo ya mtu hailiwi."

Ndege ikaja Machi, pamoja na mvua.
Viti sita, bawa la kushoto lina kiraka.
Ikazunguka Nachingwea mara tatu ikingoja mbuzi wapishe
kwenye uwanja waliouchonga wazungu wa karanga,
wale waliokuja na matrekta, wakatandika reli,
na reli yenyewe ikang'olewa.
Ndiyo maana watu walisimama mbali, mikono nyuma.
Kilichokuja kwa kishindo, walisema,
tumeshakisindikiza kimoja.

Jina alilipaka mwenyewe kwa brashi: TANDALA.
Herufi ya mwisho ikabanana na mlango.
Benki ilishika nyumba ya Masasi
na ekari kumi na nne za mikorosho.
Dhahabu ya mama yake hakuitaja.

Safari ya kwanza, Liwale: sanduku la chanjo na nesi mmoja.
Barabarani malori yalikuwa yamezama wiki ya pili,
utingo wanasonga ugali kwenye kivuli cha tela.
Sisi, dakika thelathini na tano.
Nesi alitapika dakika ishirini kati ya hizo,
akashuka, akauliza ya kurudi ni saa ngapi.

Tangu hapo nimewapima wote.
Mhandisi wa gesi, kilo mia na nne, akacheka.
Mnunuzi wa ufuta aliyevaa makoti mawili
ili begi lake liwe jepesi.
Ofisa mmoja, simtaji, alikataa kukanyaga bati:
"Mimi mzigo?"
Rubani Nikodemu akazima injini,
akatoa karanga mfukoni, akaanza kumenya.
Tukamenya naye.
Nusu saa.
Ofisa akavua viatu, akapanda.
Kijana wa Ruponda, aliyefia Ndanda, nilimpima na jeneza lake.
Namba yake niliiandika kwa penseli.

Mwaka wa tatu, ndege mbili.
Mwaka wa nne watu wa gesi wakafunga ofisi yao Mtwara
bila kuaga, na ankara zetu mezani kwao.
Miezi mitano tulilipwa korosho.
Nikodemu aliuza za kwake kituo cha basi, na sare yake mwilini,
nyota nne begani, kikombe kimoja mia tano.
Hakuna aliyemcheka. Au walicheka, akawauzia.

Ndipo wakaja wale wanne, suruali zimenyooka,
kampuni kubwa, kutoka Dar, kutununua.
Bi Asumini akawakaribisha vizuri, maji, viti.
Kisha: "Chande, wapime."
Kilo mia tatu sitini na moja, kwa jumla.
"Na karatasi yao."
Nikaulaza mkataba juu ya bati, kurasa zote, na jalada.
Jiwe halikusogea.
Akanitazama, akawatazama.
"Mmeona wenyewe," akasema. "Mimi sijasema kitu."

Leo ndege nne, na Lindi mjini tuna dirisha la kioo.
Kule wanapimia kwa namba nyekundu zinazowaka.
Huku bado ni mimi na jiwe langu, na mbuzi
ambao sasa wanajua ratiba kuliko abiria.

Kila alfajiri, kabla hajafika mtu, napanda bati mwenyewe.
Hamsini na nane. Mwaka wa tisa, hamsini na nane.
Watu huuliza kama nimeshawahi kuruka.
Nawajibu kwa hesabu aliyonifundisha Nikodemu:
kilo hamsini na nane ni lita themanini za mafuta,
na lita themanini ni Liwale,
kwenda na kurudi.